Fahali wa Mtama Mpya

Hapo zamani, huko Ugogo, aliishi Chilongani, mwanamume aliyependa kivuli kuliko jembe. Wenzake walipalilia, yeye alijinyoosha. Wenzake waling'oa mtama mwitu. Yeye aliuacha ukamea hadi mlangoni.

Mwaka mmoja Mwenyekiti Mwaluko alitoa amri: kijiji kizima kipande mtama mweupe, huo tu, wenye masuke makubwa. Watu wakatii. Aliyekaidi ni mjane mmoja, Bi Mahewa, aliyebakiza mistari michache ya mtama mwekundu. Si kwa hekima. Alisema tu kwamba togwa ya mtama mweupe haina ladha, watu wakamcheka, wakamwacha. Naye Chilongani alitozwa mbuzi kwa sababu ya magugu yake. Alimtoa huku akilia, maana hakuwa na mwingine.

Kisha ukaja ugonjwa. Masuke meupe yakageuka unga mweusi kama masizi. Shamba hili masizi, shamba lile masizi. Njaa ikabisha hodi kila nyumba.

Ndipo akaletwa Nyemo, binti mtaalamu wa mbegu. Alipita shamba hadi shamba akitikisa kichwa, mpaka kwa Chilongani. Chilongani akajificha nyuma ya ghala, akidhani wamefuata mbuzi wa pili.

"Baba, huu mtama mwitu haukuugua!" Nyemo akaita. "Nani aliyeutunza?"

Chilongani akatoka, akajipangusa vumbi. "Ni mimi, mwanangu. Kwa jitihada kubwa."

Nyemo akachukua chavua ya mtama mwitu, akaipaka kwenye maua ya mweupe. Uzao wake akauchanganya na mwekundu wa Bi Mahewa, uliovumilia jua. Mwingine ulitoka mchungu, akautupa. Mwingine ulitoka mfupi, akautupa. Akainama misimu na misimu, hadi ukapatikana mtama wa masuke makubwa, usioogopa ugonjwa wala jua.

Watu wakashiba. Mkuu wa wilaya akaleta fahali, awe zawadi ya aliyeokoa kijiji.

"Ni wangu," akasema Nyemo. "Bila mikono yangu, mbegu hizi tatu zisingeoana kamwe."

"Ni wangu," akasema Bi Mahewa. "Mlinicheka, nikang'ang'ana. Ungeoanisha nini, mwanangu, kama ningetii?"

Chilongani akajitokeza mbele. Hakuwa amewahi kusikilizwa na watu wengi hivyo. "Ni wangu," akasema. "Wewe Nyemo ulisifiwa. Wewe Mahewa ulichekwa tu. Mimi niliadhibiwa! Gugu lililowaponya, nani mwingine aliyelitolea mbuzi?"

Hapo Mwaluko akakohoa. "Jamani, msinisahau. Bila amri yangu njaa ingetoka wapi? Na bila njaa, nani angemleta mtaalamu?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha kicheko kikafifia, wakaanza kubishana, huyu akimtaja huyu, yule akimtaja yule.

Fahali ni mmoja, na hagawanyiki akiwa hai. Haya, ninyi mnaonisikiliza: kamba yake mngemkabidhi nani?