Uwanja wa Tufani Uitwe kwa Jina la Nani?

Malindi palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Renzo, Mwitaliano, aliujua mpira: aliucheza kwao mpaka goti likamkatalia, akaja kuifundisha timu ya Tufani. Sidi, mwanamke mpishi wa hoteli, alijua Kiitaliano, kwa hiyo klabu ikamfanya mkalimani. Charo, nahodha, alijua kunyamaza.

Siku ya kwanza Renzo aliwatazama vijana wakikimbia, akafoka kwa lugha yake: "Punda hawa! Hata bibi yangu anawashinda mbio!"

Sidi akawageukia vijana. "Kocha anasema mna nguvu. Anataka kuziona zote."

Wakakimbia mpaka wengine wakatapika. Ikawa hivyo kila jioni, Renzo akitukana na Sidi akisifu. Waliotaka kuacha mpira wakabaki. Mama zao wakaanza kumpelekea kocha wali wa nazi na samaki. Hapakuwa na kocha aliyependwa kama yeye.

Charo, lakini, aliuza vinyago kwa watalii, na Kiitaliano alikisikia vizuri. Kila tusi lilimfikia lilivyo. Angefungua mdomo, timu nzima ingeondoka. Alimeza tu, akatangulia mbele ya wenzake. Sidi alipogundua, alimuuliza, "Kaka, huumii?"

"Naumia, dada. Lakini tunataka kupanda daraja au hatutaki?"

Msimu wa pili, Renzo alikuwa ameshika Kiswahili kidogo. Jioni moja akamsikia Sidi akimtafsiri kwa mchezaji mmoja, Kazungu, akamvuta kando. "Mimi sijasema hivyo! Nimesema Kazungu ni gunia la viazi."

"Na mimi nimemwambia ajaribu tena. Mtazame, anajaribu."

Renzo akatazama. Angeweza kumfukuza Sidi palepale. Badala yake alimwendea Kazungu, akamwambia kwa Kiswahili chake kibovu: "Jaribu tena, mwanangu." Tangu siku ile hakutukana tena, wala hakuhitaji mkalimani. Sidi akarudi jikoni, Tufani ikapanda daraja.

Miaka imepita. Mpaka leo Renzo hawezi kukatiza sokoni bila kuitwa "Kocha!" kila upande. Juzi uwanja ulipokarabatiwa, mkutano ukataka upewe jina lake. Renzo akakataa, akaeleza yote.

"Mlipenda maneno ya Sidi," alisema.

"Maneno yangu yalikuwa uongo," Sidi akajibu. "Wewe ndiye uliyeyafanya kweli. Na Charo angesema siku moja tu, yangeishia pale."

"Mimi sikusema kitu," alisema Charo. "Mtu hupewaje uwanja kwa kutosema kitu?"

Mama Kazungu akasimama. "Miaka yote nampikia huyu mzungu, kumbe mwanangu alikuwa gunia la viazi!"

Watu wakacheka, Renzo naye akacheka, lakini uamuzi haukupatikana. Fundi yuko juu ya ngazi na brashi mkononi, na ukutani pana nafasi ya jina moja.

Haya, nyinyi mliosikiliza: ni aliyeyapamba maneno, aliyeyameza, au aliyeyatimiza? Mwambieni fundi aandike nani, na mseme kwa nini.