Dhakwani na Ufuta Ulionyeshewa

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika kijiji kimoja karibu na Basra aliishi mkamuaji mafuta, jina lake Dhakwani. Alikuwa na kinu kimoja na ngamia mmoja wa kukizungusha. Wakulima walimletea ufuta, naye mafuta yake akayapeleka kwa wachuuzi wa mjini. Taabu yake ilikuwa ile ya kila aliye katikati: mkulima hutaka malipo siku ya mavuno, na mchuuzi hulipa akishauza. Matajiri waliwakopesha wenye misafara na wenye mashamba makubwa. Mtu wa kinu kimoja hawakumtazama ila kwa riba, na riba Dhakwani aliiogopa kama moto.

Mwaka mmoja Bibi Lubaba, mjane mchamungu wa kijijini hapo, aliuza bangili zake akamkabidhi dinari hamsini.

"Mali yangu, kazi yako," akamwambia. "Faida tutagawana nusu kwa nusu. Likitokea la Mungu, hasara ni yangu. Ukizembea, ni yako."

Dhakwani akanunua ufuta, akajaza ghala. Mkewe, Umaima, akamtanabahisha: "Mume wangu, paa linavuja upande wa kibla."

"Nitaliziba kesho," akajibu. Kesho ikazaa kesho. Mvua ikashuka kabla ya msimu wake, siku tatu mfululizo, na walipofungua ghala ufuta ulikuwa umevunda wote.

Habari ilimfikia Bibi Lubaba kabla ya Dhakwani kufika. Dhakwani alimkuta barazani akisokota uzi, na hata hajafungua kinywa bibi akamtangulia: "Mwanangu, usihuzunike. Mvua ni ya Mola. Hasara ni yangu, nami nimeridhia."

Kushukuru tu kungalimtosha Dhakwani kurudi nyumbani na kinu chake na ngamia wake. Habari ya paa hakuna aliyeijua ila yeye na mkewe. Hata hivyo akasema: "Bibi, mvua ni ya Mola, lakini tundu la paa ni langu. Niliambiwa, nikapuuza. Mali yako iko juu yangu."

Bibi Lubaba akauweka uzi wake chini. "Ningependa kukusamehe," akasema, "lakini ile ndiyo akiba ya mayatima wangu. Nitakungojea."

Dhakwani akamuuza ngamia, akapeleka thamani yake, na iliyosalia akaahidi kuilipa. Tangu siku hiyo yeye na Umaima walikisukuma kinu wenyewe, bega kwa bega, kwa ufuta mchache waliomudu kununua. "Leo ngamia ni sisi," Umaima alikuwa akimwambia huku akicheka, na kila duru wakaisindikiza kwa tasbihi.

Mavuno mengine yakaja. Wakulima wakafika na magunia yao mlangoni. "Ndugu zangu, sina cha kuwalipa," Dhakwani akawaambia.

Mkubwa wao akatua mzigo wake chini. "Uza kwanza, kisha utulipe," akasema. "Bibi Lubaba ametusimulia habari ya paa. Aliyejishitaki mwenyewe mbele yake hatatudhulumu sisi."

Msimu ule akamaliza deni. Bibi Lubaba akatenga fungu la mayatima, na lililobaki akamkabidhi tena alifanyie kazi.

Miaka ikapita, Mola akambariki. Akawa na vinu vitatu na ngamia wa kutosha, na Umaima akawa ametangulia mbele ya haki. Siku moja mgeni alimkuta ameketi kando ya kinu, machozi yanamtoka, akamwuliza kilichomliza ilhali neema imemzunguka.

"Naukumbuka mwaka tuliosukuma kwa mikono," akasema Dhakwani. "Tulikula mkate mkavu, na usingizi wetu ulikuwa mtamu. Hata leo, harufu ya ufuta ikinijia alfajiri, hudhani nitamsikia akinihimiza: haya, mume wangu, duru moja tena."

Ndugu zangu, wengi wetu tunazingoja siku njema, kumbe huenda ni hizi hizi tunazozilalamikia. Mola atujaalie kusema kweli hata pale inapotugharimu, na awape wenye mali moyo wa kumwamini mnyonge. Amin.