Kipisi Katika Bakuli la Kusuuzia

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na fumbo ambalo mpaka leo sijalifumbua: mkono uliobeba sigara nzima kutoka dukani, mbona hushindwa kubeba kipisi chake hadi kwenye pipa?

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao. Mzee Kobe aliuza kahawa kijiweni, na chini ya kijiwe ulipita mtaro. Mtaroni aliishi Chura na watoto wake, viluwiluwi weusi.

Nyani na wenzake walikunywa, wakavuta, wakatupa. Pwi! Pwi! Mvua iliponyesha, vipisi viliteremka mtaroni. Watoto wa Chura wakaanza kuelea chali, mmoja mmoja.

Chura akamwita Shomoro, akamwita Panya. "Jamani, nisaidieni." Wakaja, bila ujira. Kila asubuhi, okota, okota, okota. Kila jioni vipisi vikarudi, tena vingi kuliko vya jana.

Chura akapanda kijiweni. "Bwana Nyani, mbona hivyo?"

"Bibi wee, si mpo mnaookota?" Nyani akacheka. "Nisipotupa, Shomoro atafanya kazi gani? Tena ni pamba tu hiyo, itaoza."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Chura hakumtukana. Alijua Nyani hajawahi kuinama akatazama mtaroni. Akaokota kipisi, akakitia kwenye bakuli la kusuuzia vikombe. Chubwi!

"We Chura!" Kobe akang'aka.

"Subiri kidogo, babu."

Wakasubiri. Maji yakawa manjano, yakawa kahawia, yakanuka.

"Haya, Bwana Nyani. Suuza kikombe chako, unywe."

"Humo? Unataka nife?"

"Humo ndimo wanamolala wanangu."

Nyani akainama, akatazama chini. Akatazama sana.

Basi ikaamuliwa: kopo la mchanga lizunguke pamoja na birika, na asiyetia kipisi chake koponi asimiminiwe kahawa.

"Na nani atalizungusha?" Kobe akauliza.

Panya akamtazama Shomoro. Shomoro akamtazama Panya. Nyani akanyoosha mkono.

Tangu siku hiyo Nyani akawa anapita nalo akiita, "Kipisi, ndugu yangu! Kipisi!" Na viluwiluwi waliobaki wakaota miguu.

Wasikilizaji wangu, anayeokota uchafu wetu hajatupa ruhusa ya kutupa zaidi. Hadithi yangu imetua hapo, kopo likiwa mkononi mwa Nyani.