Kwa Nini Uwanja wa Wayrapata Umezama Ardhini

Zamani sana, katika milima ya Andes, watu wa Wayrapata walifanyia sherehe zao kwenye ngazi za mawe zilizojengwa ubavuni mwa mlima. Aliyeketi ngazi ya juu alihesabiwa mkubwa, na aliyeketi chini alionekana si kitu.

Mwaka mmoja, katika sherehe ya kupanda, Mzee Katari wa kijiji cha juu alikuta nafasi yake imekaliwa na watu wa bondeni. Alirudi kwake akaziba kwa mawe mfereji uliopeleka maji bondeni, yakaacha kuteremka, na mahindi machanga ya bondeni yakaanza kujikunja majani.

Jambo hilo lilimuuma sana Ilari, aliyezaliwa bondeni akaolewa na mwana wa Katari. Kila alipochota maji alimkumbuka mama yake na mtungi wake mtupu. Siku moja akamwendea baba mkwe wake.

"Baba, ukipewa ngazi ya juu utafungua maji?"

"Nitafungua."

"Na wao wakiziba kwa hasira njia yetu ya sokoni inayopita kwao, je?"

Mzee aligeuka akaingia ndani.

Kesho yake Ilari alichukua mti wa kulimia, akaenda mahali palipo katikati ya vijiji viwili, akachora duara kubwa na kuanza kuchimba. Wapita njia walidhani huzuni imemvuruga akili. Viganja vilimchubuka, lakini hakuacha. Mama yake alipopata habari alipanda na kapu, akaanza kuzoa udongo bila kuuliza. Kisha akaja mama mkwe, ambaye hakuwa amemsalimu mwenzake tangu ugomvi uanze.

"Acha nishike upande huu, dada," alisema. "Kapu hilo ni zito kwa mtu mmoja."

Watu walipowaona wanawake hao wawili wakibeba pamoja, walikuja kutoka pande zote, wakachimba na kulizungushia shimo ukuta wa mawe.

Kazi ilipokwisha, watu waliingia humo kufanya sherehe, na Katari akasimama ukingoni. Hapakuwa na ngazi ya juu wala ya chini. Waliokwisha kuketi walitazamana usoni.

"Nikae wapi?" aliuliza.

"Popote, baba," Ilari alimjibu.

Mzee akateremka polepole, akaketi karibu na mama yake Ilari, akaona midomo ya mama huyo ilivyopasuka kwa kiu. Hakungoja sherehe iishe. Aliinuka, akaenda mwenyewe kuondoa mawe mferejini, na kabla jua halijatua maji yalisikika yakishuka bondeni.

Kuanzia hapo watu wa Wayrapata hawakukalia ngazi tena. Hata leo uwanja wao ni wa duara, umezama ardhini, na ukifika hapo, uwe mkubwa au mdogo, utateremka kwanza ndipo usalimiwe.