Mdogo Wake Ambakisye

Palikuwa na mjane mmoja aliyezaa watoto wengi, na kijiji kizima kilijua jina la mmoja tu. Kifungua mimba wake aliitwa Ambakisye. Kama ilivyo desturi yetu, mama akaitwa Mama Ambakisye, nyumba ikaitwa kwa akina Ambakisye, na wadogo zake wote, hata aliyekuwa bado mgongoni, wakaitwa wadogo zake Ambakisye. Ungewauliza watu majina yao, wangekukodolea macho. Nani alikuwa na haja nayo?

Huyu Ambakisye alikuwa analewesha watu bila pombe. Akiingia mahali, watu walicheka hata pasipo na la kuchekesha. Vijana walimfuata, ng'ombe wakaachwa wanakula mahindi ya watu. Wengi wao walikuja kutulia wakaoa. Mmoja hakurudi vile alivyokuwa; akili yake iliyumba moja kwa moja, na mama yake analia hadi leo. Simtetei Ambakisye, na sitamtetea.

Basi wazee wakakaa. Aliyeongoza kikao ni Mzee Mwandemele, mtu wa haki, mwenye sauti. Hawakumtenga Ambakisye peke yake, waliitenga nyumba. Mtu wa nyumba ile asisalimiwe, asipewe moto, akifiwa azike mwenyewe. Mwandemele ndiye aliyetamka, na watu wakamsifu kwa msimamo wake. Ambakisye mwenyewe, msishangae, hakukosa marafiki. Walioumia ni wale waliokuwa wametulia nyumbani.

Miaka ikapita. Mkewe Mwandemele, Sekela, akaanza kupotea. Kwanza alisahau chumvi kwenye mboga, halafu akasahau njia ya kisimani. Halafu asubuhi moja akamtazama mumewe, mwanamume aliyezaa naye na kuzika naye, akamuuliza kwa adabu kama ni mgeni wa nani. Mwandemele alitoka nje akalia. Hospitali walimwambia hawana dawa ya kuuzuia ugonjwa ule. Amtunze tu, asije akatumbukia mtoni.

Aliyemwokota mtoni mara ya kwanza ni Tupokigwe, binti wa tatu wa Mama Ambakisye, msichana mkimya. Alimrudisha nyumbani kwa mumewe, akaketi naye, wakapukuchua maharage, binti akitaja kila kitu kwa jina lake: huu ni ungo, hili ni ganda, huyu ni wewe, mama Sekela. Siku hiyo Sekela hakupotea tena. Mwandemele aliliona hilo kwa macho yake. Sisemi kwamba mama yule alipona. Hakupona. Ila kile kilichokuwa kinammomonyoka kikaanza kwenda polepole, au mumewe aliona hivyo, kwa kuwa alitamani sana kuona hivyo.

"Binti, uwe unakuja," Mwandemele akamwambia. "Ila upitie nyuma, migombani. Unawajua watu."

"Sawa, baba."

Akawa anapitia nyuma. Masika ikaingia, akawa anafika na matope hadi magotini, na mwenye nyumba hakumwambia hata siku moja apite mbele palipotandazwa mawe. Haya alikuwa nayo Mwandemele, tena nyingi, ila aliwaonea haya majirani. Binti hakumwonea.

Fununu zikaenea. Wazee wakaja uani kwake kumuuliza kama ni kweli kuna anayevunja agizo. Akacheka.

"Mdogo wake Ambakisye akanyage kwangu? Mimi nimezeeka tu, sijachanganyikiwa."

Nao wakacheka naye. Walicheka hata hakuna aliyeona kwamba Sekela alikwishatoka.

Tupokigwe alimkuta mtoni, maji yamemfika kiunoni. Akamtoa anatetemeka, na hapakuwa na muda wa kuzunguka migombani. Akaingia naye kwa njia ya mbele, katikati ya wazee, wote wawili wamelowa. Sekela akasimama. Akawatazama wale wanaume, akamtazama na mumewe, hakumtambua hata mmoja. Kisha akamgeukia binti, akamwita kwa jina alilopewa na mama yake.

"Tupokigwe, mwanangu, mbona leo tumepita mbele?"

Binti akamkalisha mama, akamfuta miguu kwa kanga yake mwenyewe, akawaamkia wazee, nao wakashindwa kumwitikia. Kisha akaondoka kwa kupitia nyuma, kama alivyozoeshwa. Mwandemele alifungua kinywa amwite arudi, akagundua kwamba hajawahi kulitamka jina lake. Akabaki anatazama miguu yake mwenyewe, mikavu, na kama ardhi ingepasuka saa ile angeshukuru.

Naona mnatazamana. Mjane yule ni bangi. Ndiyo, nimeitaja humu ndani, na paa halijaanguka. Ambakisye ni ile kemikali moja inayolevya, ambayo kwa ajili yake tumeutenga mmea mzima. Wadogo zake ni zile nyingine zilizomo katika jani lilelile. Nyingi hazilevyi, na hakuna kati yetu anayejua majina yake. Watafiti wanazichunguza maabara, na baadhi zinaonyesha dalili kwamba huenda zikaulinda ubongo usimomonyoke upesi. Huenda, nimesema. Kwa binadamu bado haijathibitishwa, na atakayetoka hapa akawashe msokoto, aseme nimemtuma mimi, huyo amemfuata Ambakisye na mimi simo. Sekela mnamjua. Wengine mnaye nyumbani, na wageni wakija mnamfungia chumbani wasimwone. Mwandemele sina haja ya kuwaonyesha kwa kidole.

Nauliza moja tu, na kila mtu ajijibu moyoni mwake: siku mwenzako akikusahau jina, utaona aibu zaidi kwa kumfungulia mlango binti yule mbele za watu, au kwa kuwa ulimhitaji na ukasema humjui?