Kanga Aliyekataa Kuitikia Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Hizo ndizo sauti za watu waliokula ugali? Hebu tena. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia. Hapo zamani za kale, zamani hasa, chini ya mlima mrefu palikuwa na bonde. Bondeni alikaa Kanga. Kanga huyo, jamani, alikuwa mama mzuri, lakini alijua kila kitu. Ukimwambia hili, analijua. Ukimwambia lile, alilijua jana.

Kila mwaka, kipupwe kilipokaribia, Chiriku alishuka kutoka mlimani. Ndege mdogo, wa manjano, hajazi hata kiganja. Alikuja kula mbegu za nyasi, akapanga chumba juu ya msufi, na joto liliporudi akaaga akaenda zake. Kila mwaka hivyo hivyo. Na alikuwa na adabu. Hakuingia bondeni bila kupiga hodi. Alisimama ukingoni akaita, "Hodi! Tii-tii! Hodi!" Wenyeji wakaitikia, "Karibu!" Ndipo akaingia. Maana desturi ya kule ilikuwa moja: unapiga hodi tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka.

Sasa, mwaka uliopita mayai matatu ya Kanga yaligeuka viza kwa baridi. Matatu! Kanga alilia. Alilia kweli, msicheke. Akakaa akawaza, akawaza, mwisho akajua. Si nimewaambia alijua kila kitu?

Akawaita Kobe na Chura.

"Jirani zangu, Chiriku akija, nini kinafuata?"

"Baridi," akasema Kobe.

"Mwaka juzi?"

"Chiriku, kisha baridi."

"Na mwaka jana?"

"Chiriku, kisha baridi. Lakini dada Kanga..."

"Hakuna lakini! Yeye ndiye anayeileta. Anaibeba mbawani. Mwaka huu nina mayai tisa, na sitaki hata moja liharibike. Akipiga hodi, asiitikie mtu. Asipoingia yeye, baridi itaingilia wapi?"

Kobe akakuna shingo. Chura akapepesa macho. Maneno yalikuwa yamepangika vizuri mno, wakakosa pa kuyashika.

Siku ya siku, Chiriku akafika. Akasimama ukingoni.

"Hodi! Tii-tii!"

Kimya. Kobe akavuta kichwa ndani, fyu!

"Hodi, wenyewe!"

Kimya. Kanga akajilaza juu ya mayai, hata jicho hatikisi.

"Hodiii!"

Loo! Chura tangu azaliwe hajawahi kuacha kujibu. Shavu likaanza kuvimba. Likavimba, likavimba, "Ka..." Pu! Kanga akaruka akamkalia.

Chiriku akangoja kidogo. Akasema, "Wamesafiri, masikini. Basi, nyumba isiyo na mwenyewe haiingiwi." Pururu! Akarudi zake mpaka kwenye jiwe kubwa, katikati ya mlima.

Kanga akainuka juu ya Chura akajikung'uta. "Mmeona? Mwaka huu tutaota jua mpaka tuchoke."

Siku ya kwanza, jua. Siku ya pili, jua. Kanga akatembea kifua mbele, hashikiki. Siku ya tatu asubuhi, baridi ikaingia. Haikusimama ukingoni. Haikupiga hodi moja wala mbili. Iliingia tu.

Ilikuwa baridi! Kanga akatetemeka, tetetete. Angekuwa na meno yangegongana. Akakumbuka sufi. Kila mwaka alitandika sufi chini ya mayai, aliikuta imeanguka tu pale chini ya msufi. Akakimbia, mbio mbio, hadi kwenye msufi. Chini, patupu! Akatazama juu. Matunda ya msufi yananing'inia, maganda yamefunga kabisa.

"Mwaka huu mti huu una nini? Mbona haudondoshi sufi?"

Chura akasema, "Tangu lini mti ukadondosha? Chiriku ndiye huyapasua maganda kwa mdomo. Akijitengenezea kiota, sufi nyingine inaanguka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umenikalia."

Kanga akarudi kwenye mayai. Akayagusa. Yanapoa.

"Kobe, ndugu yangu, nenda kamwite Chiriku!"

"Naenda," akasema Kobe. "Mwakani hivi nitakuwa nimefika."

Basi Kanga afanyeje? Kuondoka juu ya mayai hawezi. Akaona aibu, akaimeza. Akainua shingo, akapaza sauti bonde zima lisikie:

"Karibu! Karibu! Karibuuu!"

Kuitikia hodi isiyopigwa! Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika. Kanga hakujali. Akaita mpaka sauti ikakwaruza. Kule juu ya jiwe Chiriku akasikia. Pururu, akashuka. Lakini akasimama wapi? Ukingoni.

"Hodi!"

"Nimeshasema karibu, ingia!"

"Hodi, wenyewe!"

"Jamani, mayai yanapoa!"

"Hodiii!"

"Karibu, baba! Karibu, mwanangu! Karibu, vyovyote upendavyo!"

Chiriku akaingia. Akapanda juu ya msufi, kotokoto, akapasua ganda. Sufi ikashuka nyeupe, laini. Kobe akasukuma, Chura akasukuma, Kanga akatandika. Yai moja liligeuka viza, na Kanga alililia hilo pia. Manane yakaanguliwa.

Mwaka uliofuata, kipupwe kilipokaribia, Kanga alikwenda ukingoni na watoto wake wanane, akangoja. Chiriku akachelewa siku mbili. Alipotokea tu, kabla hajafungua mdomo, Kanga akamkemea: "Ulikuwa wapi wewe? Baridi imefika tangu juzi, na wewe hupo!"

Chura akageuka polepole. "Dada Kanga, hebu rudia. Baridi imefika, na nani hayupo?"

Kanga akatazama nyasi. Akatazama watoto. "Karibu, Chiriku," akasema, na mara hiyo hakuongeza neno.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: anayefika pamoja na shida siye aliyeileta. Kabla hujamfungia mlango, angalia kwanza amekuja na nini mkononi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Na anayepiga hodi mlangoni sasa hivi, mwitikieni.