Redio ya Mama na Skrubu Saba

Wivu hujua kufungua, haujui kufunga. Mmemsikia bibi yenu akimwambia jirani maneno hayo asubuhi, na sasa mnataka kujua yalitoka wapi. Msidhani ni ya wahenga wa zamani. Yalitoka kinywani mwa baba yangu, hapa hapa Usangi, na aliyesababisha yasemwe ni mimi, babu yenu Ombeni. Ilikuwa hivi.

Miaka hiyo nilikuwa fundi redio sokoni. Nilikuwa nimesomea kazi hiyo Tanga, na cheti changu nilikitundika ukutani pale ambapo kila mteja angekiona.

Baba yangu, Mzee Sangiwa, alikuwa na redio ya sidii, ile ya kubeba mkononi, yenye kifuniko juu. Mama aliinunua mwaka mmoja kabla hajafariki. Aliacha pia sidii moja ya kwaya ya usharika, iliyorekodiwa siku ya mavuno, na sauti inayoongoza humo ni yake. Kila Jumapili baada ya ibada baba aliketi sebuleni akaisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyethubutu kuongea.

Basi redio ikaanza kurukaruka, kisha ikakataa kabisa. Ukiweka sidii, inazunguka kidogo tu, inasimama. Baba akaniletea. Nikaichokonoa siku tatu, nikashindwa, na kukiri kwamba nimeshindwa kukanishinda vilevile. Nikamwambia, "Baba, lenzi imekufa. Nitakutafutia redio nyingine." Baba aliichukua, akaifunga kwenye kanga ya mama.

Mdogo wangu Elieza aliishi na baba, pamoja na mkewe Nakijwa. Nakijwa alikuwa mshonaji. Hakusomea ufundi popote, ila cherehani yake ilipoharibika aliitengeneza mwenyewe. Akamwomba baba ruhusa ya kuitazama ile redio, baba akamruhusu.

Alikuja kwangu kuazima chuma cha kuchomea risasi, kile cha kuungia nyaya. "Shemeji, nitakirudisha kesho mapema."

"Kina kazi," nikamjibu. Kilikuwa kimelala mezani mbele yake, kimepoa. Alikitazama, akanishukuru, akaenda zake. Nilisikia baadaye kwamba alitumia msumari mnene alioupasha moto kwenye jiko la mkaa.

Wajukuu zangu, lenzi haikuwa imekufa. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka kwenye reli ambayo lenzi hutembelea, ikawa ngumu kama gundi. Nakijwa aliikwangua kwa kijiti, akapaka mafuta ya cherehani kidogo sana, akasafisha lenzi kwa pamba na spiriti. Redio ikaimba. Wala hakuishia hapo. Kwa kuwa umeme wetu ulikuwa wa kukatika, aliiunganisha na betri ya sola, akaweka na fyuzi. Akatafuta spika mbili kubwa kutoka redio mbovu, akazitengenezea maboksi ya mbao. Jumapili ile sauti ya mama ilijaa uwanja mzima, majirani wakasimama barabarani kusikiliza. Baba akalia. Kisha akasema, mbele yangu, "Nakijwa, mwanangu, umenirudishia mtu."

Mwanangu! Mimi aliyenizaa yeye sikuwa nimeitwa hivyo tangu nioe. Nilikula wali wa Jumapili ile kama ninatafuna mchanga.

Tangu siku hiyo nikawa ninasikia jina la Nakijwa kila mahali. Mteja akiniletea redio, namwona kama amenijia kwa sababu Nakijwa hakuwepo. Nikaanza kusema. Niliwaambia watu sokoni, "Alichofanya ni kupaka mafuta tu. Mtaona, zile nyaya zitachoma nyumba." Nikamwambia Elieza, "Mkeo anashinda na bisibisi. Wewe unapikiwa na nani?" Elieza alikuwa mpole, lakini maneno yakimwagwa kila siku hulowesha hata jiwe. Akaanza kugombana na mkewe.

Ikafika kumbukumbu ya mama. Baba aliwaalika wazee wa kanisa waje nyumbani baada ya ibada waisikie ile sidii. Nikapata wazo. Nitalegeza waya mmoja tu. Redio itagoma mbele ya wageni, Nakijwa atahangaika, kisha mimi nitanyanyuka, nitashika ule waya, na itaimba. Basi.

Wao walipokwenda kanisani, mimi nilikwenda kwa baba na bisibisi mfukoni. Nikafungua skrubu saba, nikazipanga mezani. Nilitarajia kukuta vurugu ndani. Nilikuta nyaya zimepangwa na kufungwa kwa uzi wa kushonea, kila kiungio kidogo na safi kuliko vyangu. Nilichungulia nikitafuta kosa, sikuliona. Hasira ikanipanda, nikalivuta kwa nguvu lile ganda la juu lenye kifuniko. Chini yake kulikuwa na utepe mwembamba wa nyaya unaokwenda kwenye lenzi. Ukakatika vipande viwili.

Nikajaribu kuunga, haukushika. Nikajaribu kurudisha ganda lilivyokuwa, halikukaa. Skrubu mbili zilidondoka, zikapotelea chini ya kabati. Nilikuwa nimepiga magoti nazitafuta mlango ulipofunguliwa. Alisimama baba, na nyuma yake Elieza na Nakijwa.

"Ombeni," baba alisema, "ulikuwa unatafuta nini humo ndani?"

"Nilitaka kuangalia kama… kama ni salama, baba."

"Nani alikuita?"

Nikaanza kukusanya skrubu zilizobaki mezani.

"Basi ifunge."

"Siwezi, baba."

Baba aliitazama redio iliyokuwa wazi mezani. Kisha akasema taratibu, "Wivu hujua kufungua, haujui kufunga."

Nakijwa alivua viatu vyake vya kanisani, akaja kuinama juu ya redio, akauona utepe. Akauliza, "Shemeji, kule kwako huna redio mbovu yenye utepe kama huu?" Nilikuwa nayo. Nilikimbia mpaka sokoni, na safari hii nilileta na kile chuma cha risasi. Yeye aliunga, mimi nilimshikia taa. Wageni walikunywa chai wakisubiri. Alipomaliza alinipa bisibisi, akasema, "Funga wewe." Nikafunga skrubu tano. Mbili zile hatukuziona.

Mama akaimba. Nilimwomba Nakijwa msamaha mbele ya wote, naye akanisamehe. Lakini niliyoyasema sokoni yalikuwa yameshatembea. Kwa miezi mingi watu waliogopa kumpelekea kazi, wakisema mafundi wenyewe wametahadharisha. Nilizunguka duka kwa duka kuyakanusha. Wengine walinicheka, wengine walisema nimehongwa chakula cha shemeji. Elieza na mkewe walipatana, ila mdogo wangu hakukanyaga nyumbani kwangu miaka miwili. Kila nilipomwendea alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, na hakuniuliza habari za watoto.

Redio ilikuwa na utepe, na utepe una mwingine wa kuziba nafasi yake. Maneno yale nilitafuta cha kuyafungia, sikupata hadi leo. Ndiyo maana bibi yenu, akisikia mtu anaanza kumchimba mwenziwe, humwambia mapema: wivu hujua kufungua, haujui kufunga.